Singo ya Alya

Radhia binti Muhanna hukusanya nyimbo za kizee akiwa na sindano mkononi. Kazi yake ni kutoa watu damu katika maabara ya hospitali hapa Ibra, Omani, na bibi yeyote wa Kiswahili akikaa kwenye kile kiti na kunyoosha mkono, ajue kuwa hataacha damu peke yake. Radhia humfunga mpira juu ya kiwiko, humgongagonga mshipa kwa kidole, na huku anaimba kwa sauti ya chini wimbo wa zamani. Anauimba vibaya kwa makusudi. Neno analibadilisha, au sauti anaipandisha pale inapotakiwa kushuka. Ubeti wa kwanza bibi huvumilia. Wa pili hawezi.

"Sivyo hivyo, mwanangu! Nani aliyekufundisha upuuzi huo?"

"Basi vipi, bibi?"

Bibi huimba. Sindano imeshaingia na kutoka, wala hakuihisi.

"Wewe wanitoa damu na nyimbo kwa pamoja," alimwambia mmoja kutoka Sur, akiteremsha mkono wa baibui. "Nikirudi nyumbani nitakuwa ganda tupu."

Ndivyo anavyofanya kazi, na sijaona mwengine afanyaye hivyo. Nimewaona waliokuja na vyombo vya kurekodia na maswali yaliyoandikwa, wakakaa sebuleni, wakanywa kahawa na kula halua, na bibi akawaambia hakumbuki kitu. Bibi hakusahau. Ila mtu haimbi kwa kuulizwa. Anaimba akisikia mwenziwe anakosea.

Kwa kawaida siandiki habari za furaha. Wanaonijua wananijua kwa kulalamika. Nimekaa nchi hii tangu watu wa Ibra wakituuliza kama kweli kule Unguja tulikuwa tukila ndizi mbichi, na tangu hapo naona mambo yetu yanakufa moja baada ya jengine. Mkate wa kumimina umekufa, sasa tuna keki za rangi ya samawati. Watoto wanaamkia "hai". Wajukuu zangu nikiwaambia "nenda kwa mwendo", wananiuliza mwendo gani, wa gari? Lakini haya niliyoyasikia Al Kamil mwezi uliopita yamenifanya nisilale, na safari hii si kwa hasira.

Nianze na baba yake. Muhanna alikuwa mtu wa Tabora. Sisi wa Unguja tulikuwa tukimcheka kwa Kiswahili chake cha bara, naye akitucheka kwa kujiona. Alikuja huku na masanduku mawili, na fidla ikiwa imezongwa kwenye kanga. Kule Tabora alikuwa akipiga kwenye harusi. Huku Ibra jamaa zake waliobaki hawakupenda nyuzi, nao walikuwa na haki yao, basi Muhanna akawa anapiga shambani, baina ya mitende, maji ya falaj, ule mfereji wa shamba, yakipita miguuni. Alikuwa na watoto sita. Watano walikuwa wakikimbia wakiona anafungua ile kanga. Radhia hakukimbia. Alipokuwa na miaka saba alikuwa akiushika upinde kwa mikono miwili kama mtu anayekata mkate, na babake akisema, "Taratibu, mama, fidla haichinjwi."

Muhanna alipofariki, watoto waligawana mitende. Radhia aliomba fidla tu, na hakuna aliyegombana naye. Sasa ana umri wa miaka arubaini na kitu, ana watoto wakubwa, na mumewe Yazeed, anayeuza matairi, huwaambia watu kwamba yeye ana wake wawili, mmoja wa nyama na mmoja wa mbao, na yule wa mbao ndiye anayelazwa mahali pazuri.

Katika nyimbo zote alizokusanya, mmoja ulimshinda. Ulikuwa wimbo wa kutwanga singo.

Kwa vijana wasiojua: bibi harusi wetu alikuwa hapakwi vitu vya chupa. Wanawake walikuwa wakikusanya waridi kavu, karafuu, liwa, dalia, maua ya mkadi, wakavitwanga kwenye kinu cha mti mpaka viwe laini, kisha vikatiwa maji ya waridi na bibi harusi akasingwa mwili mzima, siku baada ya siku, hata akipita ukumbini mtu aliye nje anajua. Kutwanga kwenyewe kulikuwa na wimbo wake. Ubeti wa kwanza kila bibi anaujua:

*Waridi la juzi, dalia ya jana,*
*Twanga taratibu, usije gombana,*
*Mchi una mwenzi, kinu kina mwana,*
*Harufu yatoka, mlango wabana.*

Radhia aliupata kwa mabibi wa Ibra, wa Sur, na mmoja wa Nizwa. Kila mmoja aliuimba kwa mwendo wake. Alipokaa nao kwenye fidla haukukaa. Kila akifika "dalia ya jana" upinde wake ulikuwa umekwisha na sauti ya bibi imeshatangulia, au upinde upo na bibi bado anavuta pumzi. "Ami Badar," aliniambia siku moja, "wimbo huu ni kama kiti chenye miguu mitatu. Mmoja umekatwa, na sijui upi."

Na kulikuwa na jambo la pili. Wote walisema kuna ubeti mwengine, wa mwisho, na wote walisema hawaujui. "Ulikuwa ukiliza," walisema. "Basi."

Mwezi uliopita Alya, binti wa Sami kaka yake Radhia, alikuwa anaolewa. Alya ni msichana wa benki, mwerevu, ana ulimi. Kwa siku ya singo alikuwa ameshaagiza singo ya kopo kutoka kwa mwanamke anayeuza kwenye simu, na spika mbili kubwa na mtu wa kuzipiga. Shangazi yake akaja juu.

"Singo ya kopo! Wewe ni bibi harusi au ni sandwichi?"

"Shangazi, wallahi kila siku waniambia wimbo, wimbo. Wimbo wenyewe nusu! Unaanza, unakatika, unasema 'hapa sijui.' Nikae mbele ya wageni wangu nisikilize 'hapa sijui'?"

"Nikiupata mzima?"

Alya akacheka. "Ukiupata mzima, mwanzo mpaka mwisho, bila ya kukatika, spika naziacha siku ya singo. Khalas. Na kopo nalitupa. Usipoupata, Shangazi, siku hiyo fidla inabaki nyumbani na unacheza na sisi wenzako."

"Nimekubali."

Nilikuwapo nikinywa chai, nikaweka kikombe chini. Kwa sababu nilijua mtu mmoja tu aliye hai anayeweza kuujua wimbo ule mzima, na nilijua pia kwamba haimbi.

Mtu huyo ni Bi Asya wa Al Kamil. Ni ndugu yangu wa ziwa; mama yake alininyonyesha mamangu alipougua, na kwa hivyo nakaa naye bila ya pazia. Mama huyo ndiye aliyekuwa akiitwa nyumba kwa nyumba kule Unguja kutwanga singo za maharusi. Bi Asya tangu mtoto alikuwa akimshikia mchi. Lakini alipotoka Hija, miaka mingi sasa, aliacha kuimba. Hakulaumu mtu, hakuhubiri mtu. Aliacha tu.

Tulikwenda, mimi na Radhia, na fidla kiti cha nyuma imefungwa mkanda wa gari kama mtoto. Bi Asya alikuwa ukumbini anachambua mchele.

"Shikamoo, Bi Asya."

"Marahaba, mwanangu. Huyu mzee umemleta wa nini? Kuja kunililia kuwa dunia imeharibika?"

"Nimekuja kunywa kahawa," nikasema.

"Kahawa ipo. Kilio peleka kwengine."

Radhia akatoa fidla, akaanza ule ujanja wake. Akaupiga wimbo vibaya, akauimba vibaya zaidi. Nikamtazama dada yangu. Uso haukutikisika. Anachambua mchele, anatoa kijiwe, anakiweka pembeni. Radhia akakosea makusudi ubeti mzima. Akaurudia akakosea pengine. Mimi mwenyewe nilikuwa natamani kupiga kelele.

Bi Asya akasema, "Endelea, mwanangu. Kosea. Mimi mchele wangu bado."

Radhia akaweka upinde chini, akacheka kwa kushindwa. Akamweleza yote bila ya hila: Alya, spika, kopo, sharti. Bi Asya akasikiliza, na alipofika kwenye kopo akaacha mchele.

"Singo ya kopo? Mtoto wa Sami? Wametia nini humo, sabuni?"

"Sijui, Bi Asya."

"Singo nitamtwangia mimi. Kutwanga si kuimba. Kuimba nimeacha, usiniombe tena." Kisha, akirudi kwenye sinia lake, akasema kama mtu anayezungumza na mchele: "Na nyinyi mnaukosea kwa sababu mnauimba mmekaa kitako. Wimbo ule nani alikwambia huimbwa kitako?"

Radhia alisimama. Nilimwona uso umebadilika rangi.

"Ami," akasema, "mchi! Mguu uliokatika ni mchi! Sote tumewaimbisha mabibi vitini, mikono yao imelala. Pale ninapokosea mimi, pale mchi unafanya kitu!" Akamgeukia Bi Asya. "Unafanya nini pale?"

"Lete kinu," akasema Bi Asya, "utausikia."

Hapo ndipo tulipogundua msiba wetu. Kinu hakuna. Bi Asya anacho kidogo cha shaba cha kutwangia kahawa na iliki, kinatosha mkono wa mtoto. Kinu cha mti, kirefu, cha kusimama watu wawili, nani anacho mkoa mzima huu wa Sharqiyah? Radhia akatuma ujumbe kwenye simu kwa kila jamaa. Majibu yakaja mfululizo. Mmoja alikuwa nacho, kililiwa na mchwa. Mmoja alikigeuza meza ya kuwekea taa, amekikata kichwa. Mmoja wa Jalan aliuliza, "Kwani blenda zimekwisha?" Nilimwambia Radhia asinionyeshe majibu mengine, presha yangu inapanda.

Kisha ikaja picha. Mkahawa mmoja Nizwa, wa Hood, kijana ambaye wazee wake walitoka Bujumbura. Mlangoni pamesimama kinu kirefu cha mninga, cheusi kwa uzee, na ndani yake maua ya plastiki ya rangi ya waridi.

Kesho yake asubuhi tulipita njia ya Sinaw, Radhia anaendesha kama anayepeleka mgonjwa, chupa za maji zikigongana miguuni pangu. Hood alitupokea kwa heshima zote, akatukalisha, akatuletea chai ya maziwa. Radhia alipotaja kinu akaduwaa.

"Kinu? Ile ya mlangoni? Lakini Ami, hiyo ni dekoresheni."

"Babu yako hakukipakia meli kiwe dekoresheni," nikasema.

"Watalii wanapiga nayo picha!"

"Waambie kimekwenda kazini."

Hood akakuna kichwa. Akauliza kinatakiwa cha nini, na Radhia akamweleza: bibi harusi, singo, wimbo, Bi Asya. Nikaona kijana anamsikiliza kweli. Mwisho akasema, "Mimi nilidhani ni ya kutwangia mihogo." Akaenda mwenyewe akayatoa maua, akayaweka juu ya friji, akakiinamisha kinu, akatia pua ndani. "Inanukia," akasema kwa mshangao. "Wallahi inanukia kitu."

Radhia akatia pua. Mimi nikatia. Karafuu. Ya miaka mingapi sijui. Mti haujasahau.

"Michi yake iko wapi?" nikauliza.

Michi miwili ilikuwa imeshikilia mapazia ya mkahawa. Hood aliyateremsha mwenyewe, akacheka, mkahawa wote ukaingia jua. "Lakini mtairudisha, sio? Mke wangu ataniuliza."

"Tutairudisha," akasema Radhia.

Siku ya singo, tulikusanyika Al Kamil badala ya Ibra, maana Bi Asya alisema kinu kimemfuata yeye na maharusi wamfuate. Alya alikuja na mama yake, Buthaina, na wanawake wa jamaa. Spika zilikuwa zinangoja Ibra. Yule mtu wa kuzipiga alikuwa anangoja kupigiwa simu. Mimi, kwa kuwa wanawake wengine si maharimu wangu, nilikaa nje ya mlango wa ua, mgongo ukutani, kahawa mkononi. Kwa hivyo niliyoyaandika hapa mengi ni ya masikio, na yaliyobaki nilihadithiwa na Alya mwenyewe, ambaye siku hizi hanyamazi.

Kwanza nikasikia kinu kinawekwa chini. Kisha Bi Asya anatia vitu na kuvitaja, waridi, liwa, mkadi, na kila kitu sauti yake inapungua miaka. Akamwita Alya ashike mchi wa pili wajaribu. Mchi mmoja, mchi wa pili, kisha kishindo cha mti kwa mti.

"Umenipiga!"

"Bibi, wewe ndiye umenipiga!"

"Mikono ya benki hiyo. Mmezoea kugusa karatasi. Nikiinua, teremsha. Nikiteremsha, inua. Usiutazame mchi, nitazame mimi."

"Kucha zangu, Bibi."

"Zitakuwemo kwenye singo yako, zitazidi harufu."

Wanawake wakaangua kicheko. Wakaanza tena. Du, du. Du, du. Sasa ikanyooka. Du, du, du, du. Halafu nikasikia kitu ambacho sijakisikia tangu kijana, na kahawa ikanimwagikia. Baada ya mapigo manne, Bi Asya aliugonga ukingo wa kinu kwa ubavu wa mchi, kidogo tu, *ko*, akausukuma unga uliopanda pembeni urudi chini, kisha akaendelea. Du, du, du, du, *ko*.

"Hapo!" ilikuwa sauti ya Radhia, inakaribia kulia. "Hapo hapo! Ndipo pumzi inapovutwa! Waridi la juzi, *ko*, dalia ya jana! Ya Rabbi, miaka yote hii naipita *ko*!"

Akaichukua fidla. Mara ya kwanza aliingia mapema, akacheka, akangoja. Mara ya pili akaingia na mchi, na fidla ikakaa. Sijui kuandika muziki, na vitabu nilivyojisomea havikunifundisha, lakini nitasema hivi: miaka yote nimeusikia wimbo ule unachechemea, na siku ile ulitembea. Upinde ulikuwa ukipanda pamoja na mchi na kuteremka nao, na kwenye *ko* ulikuwa ukinyamaza kama mtu anayeruka mfereji. Wanawake wote waliujua ubeti wa kwanza na sasa wote waliuimba pamoja, wa Sur na wa Ibra na wa Nizwa, mwendo mmoja, wale wale ambao kila mmoja alikuwa na mwendo wake. *Mchi una mwenzi, kinu kina mwana.* Nilijikuta nagonga ukuta kwa kisigino.

Ubeti ukaisha. Fidla ikaendelea peke yake, ikaingia mahali pa ubeti wa pili, pasipo na maneno. Michi inakwenda. Hakuna anayeimba. Nilijua wote wanamtazama dada yangu. Radhia hakumwomba, alikuwa ameshakatazwa. Alipiga tu, akaurudia ule mwendo mtupu, akaurudia.

Ndani ya kinu, karafuu sasa zilikuwa zimekuwa vumbi. Nikasikia Bi Asya anapiga chafya. Akapiga ya pili. Mchi ukayumba, Alya akapiga ukelele, kishindo tena.

"Usisimame!" akasema Bi Asya kwa sauti ya kuziba. "Usisimame, singo itaganda! Astaghfirullah. Nimesahau. Ukitwanga umefunga mdomo, pua ndiyo inakula karafuu." Chafya. "Mama alikuwa akisema. Wimbo uliwekwa kwa ajili ya pua." Chafya nyengine, kicheko, kisha michi peke yake. Halafu akasema kwa sauti nyengine kabisa: "Buthaina. Njoo ushike wangu."

"Mimi?"

"Mama wa bibi harusi ni nani, mimi? Ubeti huu si wa kuimbwa na kila mtu. Ni wa mama. Ndiyo maana hakuna anayeujua. Mtu aliuimba mara moja kwa kila binti, akaambiwa maneno pale pale kinuni na mtwangaji, kisha akausahau kwa kilio. Njoo. Mimi nakufundisha. Kufundisha sikuacha."

Buthaina amezaliwa hapa Ibra. Kiswahili chake ni cha jikoni, anakijua cha kuitia watoto chakula. Nikamsikia anashika mchi, anakosa, anashika tena, mama na binti sasa kinu kimoja. Du, du, du, du, *ko*. Na Bi Asya akamtolea mstari mmoja mmoja, na haikuwa sauti ya kusema. Ilikuwa sauti ile ile ya mama yake niliyokuwa nikiisikia dirishani Unguja, imezeeka kidogo. Buthaina anaufuata nyuma, maneno mengine anayatamka kama Mwarabu, na fidla inawabeba wote wawili:

*Mwanangu natwanga, mikono yawaka,*
*Nyumba waijaza, kisha waondoka,*
*Ukienda nenda, usije geuka,*
*Harufu ibaki, mchi ukichoka.*

Kwenye "kisha waondoka" mchi mmoja ulisimama. Alya ananiambia ulikuwa wake. Bi Asya akamwambia, "Twanga, mwanangu. Lia na utwange. Ndivyo ilivyo." Akatwanga. Wakaurudia ubeti, na mara hii Buthaina aliuimba peke yake mwanzo mpaka mwisho bila ya kufundishwa. Kisha vigelegele vikapanda mpaka paka wa jirani akaruka ukutani juu ya kichwa changu.

Katikati ya vigelegele nikasikia simu. Alya akaipokea, sauti imejaa machozi na kicheko.

"Naam? Hapana, akhi. Hapana, usilete. Spika baki nazo. Harusi ya Alhamisi njoo, leo usije... Hapana, hakuna aliyekufa! Tunatwanga!"

Walipotoka nje jioni, mikono yote ilikuwa ya manjano na ua mzima unanukia mpaka barabarani. Mtu aliyepita na gari alipunguza mwendo, akateremsha kioo. Radhia alitoka wa mwisho, fidla kwapani, nywele za mbele zimejaa unga wa dalia.

"Ami, umesikia?"

"Nimesikia."

"Mzima?"

"Mzima," nikasema.

Bi Asya alikuwa nyuma yake anajifuta pua kwa ukaya. Nilitaka kumwambia neno, lakini alinitangulia. "Usinitazame hivyo. Sikuimba. Nimetwanga na nimefundisha. Mola anajua tofauti, wewe mwandishi ndiye hujui." Kisha akampigapiga Radhia mgongoni. "Na wewe, ile mara ya pili uliharakisha kwenye ukingo. Kesho uje tena."

Kesho yake Radhia alikwenda. Na keshokutwa. Siku ya harusi spika zilikuwapo, zilinipasua masikio, sina la kusema. Lakini bibi harusi alipopita, wale wasichana wote walimfuata kwa pua, wakimwuliza kopo gani, ya nani, bei gani, na Alya akawa anawajibu, "Kinu. Shangazi yangu. Mpigieni simu."

Na wamempigia. Sasa kinu kimeshakwenda Sur mara mbili na Jalan mara moja, kiko nyuma ya gari la Radhia kimefungwa kwa kamba za matairi za Yazeed, ambaye analalamika kwamba sasa ana wake watatu.

Wiki iliyopita Hood alinipigia mimi, maana Radhia alikuwa na sindano mkononi.

"Ami Badar, salama? Kinu yangu vipi? Mlango hauna kitu. Watalii wanauliza."

Nikawaza maneno mazuri ya kumwambia, maana kuahidi tuliahidi. Nikasema, "Hood, mwanangu, kinu chako tutakirudisha. Lakini kimeshatwangiwa singo, na Bi Asya anasema kinu kilichotwangiwa singo hakitiwi tena maua ya plastiki. Ni aibu kwake na kwako."

Nikadhani atakasirika. Nikasikia anafunga mlango wa jikoni, kelele za sahani zikapungua.

"Ami," akasema, "binti yangu Yaqeen anaolewa Shaabani. Mimi mama yangu amekufa, mke wangu hajui hivi vitu. Mkirudisha kinu, irudisheni siku hiyo. Na michi yake. Na yule bibi mwenye chafya, nimehadithiwa."

"Na fidla?"

"Na fidla, Ami. Mapazia nimeshanunua mengine."